Baba wa Tatu wa Perizat

Kila nikienda harusini siku hizi hakosekani mtu wa kunivuta pembeni aniulize habari ya Zuurakan. Wengine wamesikia alizirai. Wengine wanasema eti mumewe alimburura kwa nywele mbele ya mkaguzi. Uongo mtupu! Mimi nilikuwepo, nimekaa dawati la nyuma karibu na jiko la darasa, ubavu mmoja unaungua na mwingine umeganda, na kila kitu nilikiona. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sipendi maneno yatiwe chumvi. Basi nipeni nafasi niiseme mara moja, halafu mniache nile nyama yangu kwa amani.

Zuurakan na mimi tuliolewa katika kijiji hiki mwaka mmoja, sabini na nne. Yeye alitoka ng'ambo ya mlima na diploma yake ya historia na masanduku mawili ya vitabu, akamkuta Tologon dereva wa trekta, mtu mzuri lakini kichwa kigumu, ukimwambia jambo jipya analiangalia kwanza siku tatu. Nyumba zetu zinatengwa na ukuta wa udongo ambao mbuzi wangu wameulamba mpaka umebaki usawa wa kiuno. Mimi niliolewa katika ukoo mdogo. Yeye aliingia ukoo wa Tologon, ambao ni nusu nzima ya kijiji.

Sasa kwetu mkazamwana hataji jina la mkwe. Si baba mkwe tu. Babu mkwe, baba yake babu, kaka za mume, ami zake, walio hai na waliokufa, wote hao huwataji. Unawatafutia majina ya pembeni. Mimi shemeji yangu mkubwa nilimwita Mwenye Farasi, farasi akafa, bado ni Mwenye Farasi mpaka leo. Ukiteleza ulimi, mama mkwe anakutupia jicho moja tu, na jicho hilo linakutosha wiki nzima. Mimi nimeteleza mara nyingi, siwafichi. Zuurakan hajateleza hata mara moja, miaka kumi na tisa. Na mama mkwe wake, Mama Sairash, hakuwa mtu wa mchezo. Mama yule alikuwa akisikia chai inamiminwa vibaya kutoka chumba cha pili.

Kazini, Zuurakan hakupata taabu yoyote. Tulikuwa bado katika ile nchi kubwa ya kikomunisti, na historia tuliyofundisha ilikuwa ya watu wa mbali. Alisimama ubaoni akawataja wafalme wa Ufaransa mmoja mmoja, akawakata vichwa, akaendelea na viwanda vya Uingereza bila kuangalia kitabu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa baba mkwe wake. Watoto walimpenda, maana alikuwa akizieleza habari za Paris utadhani alikwenda sokoni huko juzi.

Kisha ile nchi kubwa ikavunjika mikononi mwetu. Ukaja mwaka wa tisini na tatu, sarafu mpya, bendera mpya, shamba la ushirika linagawanywa, kila mtu anaondoka na gurudumu lake. Majira ya baridi yalipoanza, mkuu wa shule, Mukash, akatukusanya. Alikuwa amevaa koti na kofia ndani ya ofisi.

"Vitabu vya historia vimefutwa," akasema.

"Vipya viko wapi?" Zuurakan akauliza.

"Havijaandikwa."

"Sasa nifundishe nini?"

Mukash akatoa karatasi kutoka wilayani, akaisoma kwa sauti ya mtu ambaye naye haelewi. Mwalimu wa historia afundishe kwa kutumia urithi wa wenyeji: vyombo vya nyumbani, mila, na nasaba za koo. Mwezi wa pili kutakuwa na somo la wazi mbele ya wazazi, na mkaguzi atakuja.

"Nasaba za koo," Zuurakan akarudia. "Zile zile tulizoambiwa ni ushamba?"

"Zile zile."

"Na mapinduzi je?"

"Mwanangu, usiniulize mimi," Mukash akasema. "Mimi nilisomea ufugaji nyuki."

Basi akaanza. Siku ya kwanza aliwaambia watoto wa darasa la sita walete kila mmoja kitu cha kale kutoka nyumbani. Salale! Niliingia kuazima chaki nikadhani nimepotea njia nikaingia bohari. Mazulia ya manyoya, hatamu za farasi, pete za mabibi. Mmoja amebeba kiriba cha kuchachushia maziwa ya farasi, kinanuka mpaka korido.

"Na hiki ni historia ya nini?" Zuurakan akamuuliza.

"Ya maziwa, mwalimu."

Mtoto mwingine alileta kichwa cha plasta cha yule kiongozi wetu wa mapinduzi mwenye kipara, ambacho kwao walikuwa wakizuilia mlango. "Babu kasema na huyu sasa ni wa kale," akasema. Zuurakan hakujua acheke au akifunike na kitambaa. Alikishika mikononi muda mrefu, akakiweka juu ya kabati, akakigeuza kitazame ukutani, halafu akakigeuza tena.

Jioni ile aliniambia, "Tursunai, kumbe kila kitu ni historia. Sasa nitajuaje kipi si historia?" Mimi nikamwambia kwenye hesabu hatuna shida hiyo. Hakucheka.

Lakini balaa lenyewe lilikuja na baba saba. Wazee wetu husema asiyewajua baba zake saba ni mtumwa. Baba yako, baba yake, baba yake, mpaka saba. Kila mtoto husimama akawahesabu, na kwa kila baba unasimulia lililotokea zama zake: huyu alikimbia vita akavuka kwenda China, huyu alikuwa na mbuzi mia, huyu alikufa kwa ndui. Somo zuri kuliko yote aliyowahi kufundisha, nasema kweli. Watoto wa kwetu, ambao Paris ilikuwa ikiwapa usingizi, sasa walikuwa wakinyanyua mikono miwili miwili. Ila mwalimu mwenyewe hakuweza kuyarudia majina! Nusu ya darasa ni ukoo wa mumewe. Mtoto akisema "Baizak," mwalimu anasema, "Vizuri, ehee, huyo Babu wa Mlangoni, endelea." Mwingine akawa Mzee wa Kisimani, mwingine Mwenye Shoka. Na watoto, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyesema, wakaandika.

Siku Mukash alipokusanya madaftari, tulimsikia akisoma peke yake ofisini, sauti inapanda. Akatoka nayo.

"Mwalimu Zuurakan! 'Mwaka elfu moja mia tisa kumi na sita Babu wa Mlangoni aliwavusha watu mlimani.' Babu wa Mlangoni ndiye nani?"

"Ndiye huyo."

"Huyo nani?"

Zuurakan akaniangalia. Mimi nikasema, "Baizak, mkuu. Anamaanisha Baizak."

"Mkaguzi atadhani tumelewa," Mukash akasema. "Tafuta njia."

Njia ilikuwa Perizat, binti wa mwisho wa Zuurakan, miaka kumi na miwili, yuko darasa hilo hilo. Binti wa ukoo hana mwiko. Wale ni babu zake wa damu, anawataja atakavyo. Basi Perizat akawa mdomo wa mamake. Mwalimu akikwama, anamtazama, mtoto anataja, somo linasonga. Ikapangwa siku ya mkaguzi Perizat ndiye atakayesimama kuhesabu baba saba wa ukoo mkubwa, na watoto wengine wafuate na vyombo vyao.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Alhamisi, nilikuwa kwao nasaidia kukaanga maandazi. Alhamisi tunakaanga ili harufu iwafikie marehemu wetu. Mama Sairash alikuwa amekaa kwenye godoro lake, miaka sabini na mitatu, kifua kinakorota, bado anatuhesabia mafuta. Perizat alikuwa akizunguka jikoni anafanya mazoezi: "Mimi Perizat binti Tologon. Tologon mwana wa Isabek. Isabek mwana wa Sydyk. Sydyk mwana wa Baizak..."

"Si kweli," Mama Sairash akasema.

Mtoto akaanza tena. Alipofika kwa Sydyk, bibi akasema, "Hapo. Wa tatu si huyo."

"Nani basi, Bibi?"

"Mimi ni mkazamwana wake. Nitamtajaje?"

Mafuta yalikuwa yakilia kwenye sufuria na hakuna aliyegeuza maandazi. Mama Sairash akasema bila kututazama: "Ni yule Msafiri." Na mimi nilishawahi kumsikia. Kila Alhamisi, akiwaombea wafu wake kwa majina yao ya pembeni, wa mwisho huwa "na Msafiri". Sote tulidhani anawaombea wasafiri wote. Ni desturi njema, nani angeuliza?

Akasimulia pale pale, kwa maneno machache. Aliolewa mwaka wa thelathini na saba, bonde jingine kabisa, mbali. Baba mkwe wake alikuwa mtu mpole. "Nilikuwa mtoto, nalia kila siku. Aliwaambia wanawake wasiniamshe alfajiri, niachwe nilale. Nani kawahi kusikia baba mkwe wa hivyo?" Mwaka uliofuata walikuja watu watatu wa serikali wakamchukua zizini, wamemkuta na kitabu cha herufi za Kiarabu, kosa kubwa zama zile. Hakurudi. Hapo nduguye mkubwa, huyo Sydyk, akaja kuwatoa, akawavusha pamoja na wanawe, ambao ndio waliouzaa ukoo huu mkubwa, mpaka kijiji hiki ambako hakuna aliyewajua, na kwenye daftari la ushirika akamwandikisha Isabek kuwa mwanawe mwenyewe. Mtoto wa adui wa umma angekwenda wapi? Sydyk baadaye akawa mwenyekiti wa shamba, picha yake bado iko shuleni. Isabek akaapishwa anyamaze, na alinyamaza hata kwa Tologon. Wote waliojua wamekwisha kufa.

"Nimebaki mimi," Mama Sairash akasema. "Sasa umesikia."

"Nimesikia, Mama," Zuurakan akajibu. Unga mpaka kwenye nyusi.

"Geuza maandazi, yanaungua."

Basi! Hilo tu! Akajilaza ubavu akafumba macho.

Mnaona lilivyofungwa? Mimi usiku ule sikupata usingizi kwa hesabu yake. Jumla ilikuwa sahihi, saba ni saba, Baizak ni baba wa ndugu wote wawili, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka miaka yote. Namba moja tu ndani si yenyewe. Mama mkwe anajua lakini haruhusiwi kutaja. Wanaume na watoto wanaruhusiwa kutaja lakini hawajui. Na jina lenyewe, je? Lilibaki kwa mtu mmoja tu. Asubuhi Zuurakan alikuja kwenye ukuta wa mbuzi, macho mekundu.

"Mimi ninalo," akasema.

"Una nini?"

"Jina. Shangazi yake Tologon, marehemu, siku ya tatu ya harusi yangu aliniinamia sikioni akanipa majina ya kutotajwa. Yalikuwa manne. Matatu nimewajua wenyewe ni akina nani. La nne nilidhani ni ami fulani aliyefia vitani. Tursunai, yule shangazi alikuwa akinipa baba yake mwenyewe, na mimi nimelikwepa jina hilo miaka kumi na tisa bila kujua namkwepa nani!"

"Basi niambie mimi," nikasema. "Mimi si wa ukoo wenu. Nitalitaja hata kwenye kipaza sauti."

"Nikwambie vipi bila kulitaja?"

Hapo kweli. Nikampa kipande cha gazeti na penseli. Akaandika herufi moja, mkono ukasimama hewani, akaifuta kwa kidole mpaka karatasi ikatoboka.

"Na hata ukilijua wewe," akasema, "ukilisema wewe ni umbea wa jirani. Likisemwa darasani ni historia. Au sivyo? Sijui. Mimi sijui tena historia ni nini. Zamani niliwafundisha watoto kwamba maadui wa umma walikuwepo. Kwa kinywa hiki, Tursunai. Ukurasa wa mia na nane."

"Na Mama anataka nini?"

"Ndilo linaloniumiza kichwa. Kaniambia ili niseme, au kaniambia ili nami nibaki ninanyamaza baada yake? Hakusema. Nami siwezi kumuuliza."

"Kwa nini usimuulize?"

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia ampige yule bibi kofi. "Wewe ungeweza?"

Nisingeweza. Nikamfukuza mbuzi.

Akajaribu kwa mumewe. Hilo nililisikia kwa masikio yangu, na sikuwa nikidukiza, mtu akipiga kelele ukuta wa kiuno unazuia nini?

"Mimi ni mjukuu wa Sydyk!" Tologon alikuwa akifoka. "Picha yake iko shuleni kwenu! Sasa wewe na vyombo vyenu vya kale mmenitafutia babu mwingine, tena mfungwa?"

"Hatukukutafutia. Mama ndiye aliyesema."

"Mama ni mgonjwa. Mama juzi kaniita kwa jina la mbwa. Haya, huyo babu anaitwa nani? Sema!"

Nikasikia ndoo inawekwa chini.

"Sema jina lake, nikaulize!"

Zuurakan alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, mdomo wazi, neno halimtoki. Masikini, jina liko kwenye ulimi na ulimi umefungwa kamba.

"Unaona? Hana jina," Tologon akasema. "Mtu asiye na jina si babu yangu." Na kwa hakika hata yeye alionekana hajui kama amekasirika au anaogopa. Alikwenda kwa trekta lake lisilo na mafuta akakaa juu yake mpaka chakula cha jioni.

Wiki ile Zuurakan alikonda. Darasani alimweleza mtoto kwamba hatamu ni ya karne ya nane, kumbe ina mhuri wa kiwanda. Akanywa chai ya watu akidhani ni yake. Kila siku alibadili nia: leo ataliruka somo la baba saba, kesho atamwachia Perizat amtaje Sydyk, kwani Sydyk alikuwa mtu mwema, aliwaokoa, kuna ubaya gani? "Halafu Mama akifa," akasema, "nitabaki peke yangu na lile jina, na siku nikifa mimi, halikuwahi kuwapo. Mtu mzima, Tursunai. Aliyemwachia mtoto alale." Mara alisema hivyo na mara akasema mkazamwana anayemtaja mkwe mbele ya umati hana uso wa kurudi nyumbani. Yote mawili aliyasema kwa dakika moja.

Siku ikafika. Darasa lilijaa mpaka madirishani, wazazi na kofia zao, moshi wa jiko la kinyesi cha ng'ombe unatutoa machozi sote. Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba, kalamu mkononi, hakuvua glavu. Tologon alikaa na wanaume wa ukoo upande wa ukutani, kakunja mikono. Na kabla mlango haujafungwa, nani anaingia? Mama Sairash, ambaye hajatoka nje tangu theluji ya kwanza, ameshikwa mkono na mjukuu wa jirani, fimbo inagonga sakafu. Watu wakasimama. Akaketishwa dawati la mbele, moja kwa moja uso kwa uso na mkazamwana wake.

Zuurakan alianza vizuri, kwa sauti ya Paris. Watoto wakaonyesha mazulia, wakaeleza nani alishona na mwaka gani. Mkaguzi akaandika. Kisha, "Perizat."

Mtoto akasimama. "Mimi Perizat binti Tologon. Tologon mwana wa Isabek. Isabek mwana wa..."

Akakoma. Akamtazama bibi yake. Akamtazama baba yake. Akamtazama mama yake, yeye aliyezoea kutazamwa na mama akikwama.

"Endelea, mtoto," mkaguzi akasema.

"Bibi alisema si huyo," Perizat akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Lakini sijui nani. Hakuna anayeniambia."

Watu wakaanza kunong'ona. Mtoto wa ukoo mkubwa hajui baba wa tatu! Mwanamume mmoja wa ukoo akacheka puani. Tologon akatoa sauti kutoka ukutani: "Sydyk! Sema Sydyk ukae!"

Mtoto hakusema. Mkaguzi akagonga kalamu mezani, akamwangalia mwalimu. "Basi mwalimu amsaidie."

Nilimwona Zuurakan akishika ukingo wa meza. Alifungua mdomo akaufunga. Akafungua tena. Nami, nasema kweli, sikujua nataka afanye nini.

"Osmonaly," akasema.

Alisema polepole mno, lakini darasa lote lilisikia. Kuna mama mmoja aliziba mdomo kwa mkono. Mkazamwana katamka! Zuurakan akaendelea: "Isabek mwana wa Osmonaly. Osmonaly mwana wa Baizak. Alichukuliwa zizini kwake mwaka wa thelathini na nane, na hakuwa adui wa mtu. Mimi nilifundisha vingine. Nilikosea."

Tologon alikuwa amekwisha kusimama, kiti kimeanguka. Lakini kabla hajafungua kinywa, fimbo ikagonga sakafu.

"Kaa," Mama Sairash akasema. Hakugeuka hata kumwangalia. Alikuwa amemkazia macho Zuurakan, na mimi nikasema moyoni, sasa yamekwisha, bibi anamfukuza mbele ya kijiji.

"Rudia," akasema.

Zuurakan hakuelewa. Hata mimi sikuelewa. "Mama?"

"Jina. Rudia."

"Osmonaly."

"Tena. Kwa nguvu, masikio yangu mabovu."

"Osmonaly, Mama."

Yule bibi mkali alikuwa analia, kitambaa hakimtoshi. "Ndilo," akasema. "Ndilo hilo. Mimi nilikuwa nimelisahau. Sikuwahi kulitamka hata mara moja, na miaka hamsini na mitano hakuna aliyelitamka mbele yangu. Kwanza ulinipotea mwisho wake. Kisha mwaka juzi, baada ya homa, likapotea lote. Kila Alhamisi nasema Msafiri, Msafiri, na simjui tena msafiri anaitwa nani. Ningekwambia nini wewe?"

Zuurakan alitoka nyuma ya meza akapiga magoti mbele ya dawati, na mama mkwe wake akamwekea mkono kichwani. Mukash alikuwa anapenga kamasi. Mkaguzi aliuliza kama hili limo kwenye mpango wa somo, akaandika kitu akakikata.

Perizat peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba somo halijaisha. Akajifuta kwa mkono wa sweta, akaanza upya kwa sauti ya juu, Tologon, Isabek, Osmonaly, Baizak, mpaka saba, akaketi.

Watu walipokuwa wakitoka, niligeuka kutafuta glavu zangu nikamwona Tologon. Alikuwa amebaki pale pale ukutani, kiti chake bado kiko chini, anahesabu vidoleni kama bintiye, huku midomo ikicheza. Alifika kidole cha tatu akakwama. Akakikunja, akaanza tena kidole cha kwanza.

Nikamwambia, "Osmonaly, shemeji."

"Najua," akasema. "Usiniambie. Ngoja."